Bosi mgumu Arusha na Moshi: ukae kimya, umwambie, uende CMA, au ubebe begi?

Wengi wakichoshwa na bosi wanajipa chaguo mbili tu, kuvumilia au kuacha. Ndo maana kila mwaka Aprili ikifika, masika yamekolea, wageni hakuna, hela ya tipu imekata, bosi naye presha iko juu anagombana mpaka na mlinzi, unasikia fulani kaacha kazi. Kaacha mwezi ambao kampuni za utalii hapa Arusha zinapunguza watu, haziajiri! Mimi nimekaa hizi ofisi muda, opereshens kwanza afu rizavesheni, na ninavyoona njia ni nne: kukaa kimya, kumwambia, kumpeleka mbele (kwa kumpitia mtu, au CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi), na kuondoka. Haziko sawa hata kidogo. Kuna za bure, kuna za gharama, na kuna moja usipoipitia mapema inakuja kukuharibia zile zingine.

Ila kabla ya njia, muangalie bosi mwenyewe, maana ukisema tu "bosi wangu mgumu" hujasema kitu.

Kuna wa kufoka. Gari limechelewa kutoka dakika ishirini, kreti la maji limesahaulika stoo, anapiga kelele yadi nzima inasikia, anakwambia hujui kazi, anakwambia urudi kwenu, afu saa saba mchana anapita anauliza "umekula?" kama hakijatokea kitu. Huyu anachosha, anadhalilisha na simtetei, lakini unajua alipo. Hasira zake zina saa zake, ukikaa naye mwezi unazijua.

Kuna wa kununa. Hafoki, hakuiti, anakutoa tu kwenye mipango kimya kimya. Kama ni dereva unaona wenzako wanapewa safari za siku saba za Serengeti na Ngorongoro, wewe wiki ya tatu hii unapewa kupokea wageni uwanja wa ndege wa KIA na kuzungusha watu Hifadhi ya Arusha jioni umerudi. Mshahara ni uleule kwenye karatasi, ila kila mtu mjini anajua dereva anaishi kwa tipu. Ukimuuliza anasema "ratiba tu hiyo, usijali." Kwangu mimi huyu ni mbaya kuliko wa kufoka, kwa sababu huna la kushika, hakuna neno baya alilosema, na ukilalamika unaonekana una wivu.

Afu kuna wa hela. Springi imekatika njia ya Ndutu, anakukata mshahara. Mgeni kalalamika chakula, anakukata. NSSF inakatwa kwenye slipu kila mwezi, ukienda ofisini kwao kuuliza michango unakuta haijapelekwa. Huyu msimchanganye na wale wawili. Wale tabia zao ngumu, huyu anavunja sheria, na dawa yake ni nyingine kabisa, nitaifikia.

KUKAA KIMYA

Watu wanaidharau hii njia lakini kuna wakati ndo yenyewe. Kama hujafikisha miezi sita kazini, jua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikupi ulinzi wa kuachishwa kazi isivyo halali, huo ulinzi unaanza ukishatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo huyo. Kwa hiyo mtu wa mwezi wa pili anayetaka kumnyoosha bosi mkali, kaka tulia kwanza. Na kama bosi ni wa kufoka na tuko Julai au Agosti, magari yote yako porini, simu haziachi kulia, hapo hata malaika angefoka, ngoja Novemba uone kama bado yuko vile.

Ubaya wa kimya ni kwamba bosi wa kununa anakisoma kama umekubali. Ukinyamaza miezi mitatu bila safari ya maana, mwezi wa nne ndo kawaida yako, na akija meneja mpya anaambiwa "huyu ni wa KIA."

Kwa hiyo ukichagua kimya, kaa kimya na daftari. Tarehe, saa, alisema nini, nani alikuwepo, ulipangiwa nini na mwenzako alipangiwa nini. Andika siku hiyohiyo jioni, nyumbani, sio kwenye kompyuta ya ofisi. Meseji usifute. Voisi noti usifute hata kama inakuumiza kuisikia. Unaweza usiitumie kabisa, na ukiitumia itakuwa imekuokoa kusema "alinitukana siku moja sikumbuki lini."

KUMWAMBIA

Hii ni bure, na ndo inaogopwa kuliko zote. Nadhani ni kwa sababu wengi wakisikia "mwambie" wanawaza kumkabili, kwamba unaingia ofisini kwake umejaa upepo unamwaga ya moyoni yote. Hapana. Angalia mfano huu, umetokea ofisi moja hapa mjini na wala sio wa ajabu.

Wageni wawili wametua KIA usiku, dereva hakuwepo, wamekaa nje saa nzima. Dada wa rizavesheni alishatuma muda sahihi, ila ndege ilibadilishwa na imeili ya mabadiliko iliingia kwa bosi mwenyewe, hakuisambaza. Saa sita usiku bosi anaandika kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, watu ishirini na kitu ndani, madereva, wapishi, mpaka mtoto wa stoo: "Wewe dada unatuaibisha, kama kazi imekushinda sema." Sasa hapo dada ana skrinishoti ya imeili, iko wazi kabisa bosi ndo mwenye kosa. Anaweza kuiweka kwenye grupu saa sita na dakika mbili na dunia nzima ikashangilia.

Akiiweka, ameshinda usiku na amepoteza mwaka, maana bosi aliyeaibishwa mbele ya wapishi wake hatakaa asahau, na kwenye kampuni ya mtu binafsi hakuna wa kumwambia asahau. Asipojibu kabisa, lawama inabaki kwake na kesho madereva wanamtania. Alichofanya, aliandika mstari mmoja, "Nimeona bosi, nafuatilia, asubuhi nitakuona." Asubuhi akaacha magari yatoke yote, akaacha bosi anywe chai, kwenye saa nne hivi akagonga.

"Shikamoo bosi. Naomba dakika tano. Kuhusu wageni wa jana, mabadiliko ya ndege yalikuja kwenye imeili yako, hii hapa, nafikiri ilikupita maana jana ulikuwa na wale wa Wizara. Naomba tuweke utaratibu, mabadiliko yoyote mimi niwe napata kopi. Na nina ombi lingine bosi wangu, nikikosea niite hapa unifokee utakavyo, lakini kule kwenye grupu naona aibu, wale madereva ndo natakiwa niwape maelekezo."

Bosi hakuomba msamaha. Alisema "haya, fanya hivyo" akarudi kwenye simu yake. Ila grupuni hajamrudia tena, na kopi anapata. Ukiniuliza mimi hayo ndo mafanikio, ukingoja bosi wa miaka hamsini na tano akuombe radhi utazeekea mapokezi.

Sasa uso kwa uso au kuandika? Wengi wanauliza hilo. Kwa bosi wa kufoka, uso kwa uso kwanza, kwa sababu maandishi anayachukulia kama vita, ukimtumia meseji ndefu ataisoma kwa sauti yake mwenyewe ya kufoka. Kwa bosi wa kununa ni kinyume, uso kwa uso atakwambia "usijali" na utatoka mikono mitupu, huyo mwandikie kifupi kwa imeili: "Bosi, tangu tarehe fulani nimepangiwa safari hizi na hizi, naomba kujua kama kuna jambo la kurekebisha kwenye kazi yangu." Bila lawama, bila "unanibagua." Swali tu. Swali lililoandikwa linamuwasha, kwa sababu sasa akinyamaza kunyamaza kwake nako kumeandikwa.

Na hata ukiongea uso kwa uso, jioni tuma mistari miwili ya kushukuru: "Asante bosi kwa muda wa leo, tulikubaliana nipate kopi za mabadiliko." Inaonekana adabu, na ni adabu kweli, lakini pia ni ushahidi kwamba ulilalamika kwa njia ya kistaarabu. Shikilia hiyo, tutaihitaji chini.

KUMPITIA MTU

Hapa hoteli kubwa na kampuni ya familia ni dunia mbili. Kwenye hoteli yenye HR, yaani ofisi ya mambo ya wafanyakazi, unaandika malalamiko, unapata kopi iliyogongwa muhuri, mambo yanakwenda kwa karatasi, taratibu lakini yanakwenda. Kwenye kampuni ya familia HR ni mke wa bosi, au mdogo wake anayeshika hela. Sio mbaya lazima. Nimeona mama bosi akitatua kwa sentensi moja jambo ambalo wafanyakazi wamelilia mwaka. Ukimuendea, muendee kama mama na sio kama mahakama: "Shikamoo mama, nimekuja unishauri, naona kama nimemkwaza mzee na sijui wapi." Hapo hujamshtaki mtu, umemwachia yeye aone la kufanya.

Moshi hii njia ina nguvu zaidi na ina hatari zaidi. Watu wanajuana mno, bosi wako wa Shanty Town ni wa Kibosho, mjomba wako wa Kibosho, jumapili wanakaa benchi moja. Mjomba anaweza kuongea naye na ikaisha. Au anaweza kuongea naye vibaya, na Desemba watu wakirudi nyumbani kula sikukuu jambo lako la ratiba linajadiliwa kwenye mbege na watu usiowajua. Mimi ningemtumia ndugu kwenye tabia tu, kwenye hela simtumii kabisa. Hela ikiingia undugu hutalipwa na undugu utakufa.

Wagumu wa mlimani, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, wao hata hii hawana sana. Unaitwa safari kwa safari, Machame wiki hii, Lemosho wiki ijayo, ukilalamika hufukuzwi, huitwi tu. Kwao ningesema msiende kulalamika mmoja mmoja, semeni kama kundi kabla ya kupanda, getini, mzigo haujabebwa. Baada ya kushuka hakuna anayekusikia.

CMA

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo Arusha na ipo Moshi, na watu wanaiogopa kama vile ni polisi. Unajaza fomu yao ile namba moja, kopi unampelekea mwajiri, unakuja na uthibitisho kwamba kaipokea. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, mnakaa mezani wewe, yeye na msuluhishi, na sheria inampa msuluhishi siku 30 kulimaliza, mkishindwana ndo linakwenda kwenye uamuzi. Huhitaji wakili kuanza. Mabosi wengi wanaofoka huko yadini, mezani kule wanakuwa wapole sana.

Kwa bosi wa hela hii ndo njia, na wala usijizungushe sana kwenye zile za juu. Kukatwa mshahara kwa sababu ya kitu kilichoharibika kuna masharti: lazima iwe ni kosa lako kweli na ukiwa kazini, akupe kwa maandishi sababu na hesabu, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Springi iliyokatika kwenye barabara ambayo kila mtu anajua ilivyo, uniambie kosa la dereva liko wapi. Vilevile kufanyishwa kazi siku yako ya mapumziko inalipwa mara mbili, na ovataimu ni moja na nusu. Haya mwandikie kwanza, mpe siku, asipojibu nenda.

Kwa bosi wa kufoka au wa kununa CMA ni nzito. Utafanyaje, utaomba waamuru akuchekee? Unaweza kushinda hoja na kesho asubuhi uko naye ofisi ileile ya vyumba viwili hapo Njiro. Isipokuwa kufoka kukifika kwenye matusi ya kabila, dini au jinsia, au mambo ya kushikana shikana. Hapo imeshakuwa unyanyasaji, na sheria inauhesabu kama ubaguzi, dada yangu hiyo usiipeleke kwenye "kuvumilia" hata siku moja.

Na angalia tarehe. Ukiachishwa kazi una siku 30 kufungua, migogoro mingine siku 60. Watu wanapoteza haki zao hapa kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu bosi anasema "njoo wiki ijayo tuongee", wiki ijayo yuko maonesho nje ya nchi, ukija kushtuka siku zimepita na inabidi uanze kuomba kuongezewa muda, ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa.

KUBEBA BEGI

Haya, umejaribu, imeshindikana. Kuondoka sio kushindwa maisha, ila linganisha unaondokaje.

Kuna kuondoka kwa hasira, yaani unatupa funguo mezani Jumatatu asubuhi. Raha yake inaisha ukifika Sanawari kwenye daladala. Mwenye mshahara wa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28, kwa maandishi, na ukigoma kufanya kazi kipindi cha notisi mwajiri ana haki ya kukata hela hiyo kwenye malipo yako ya mwisho. Kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka hicho ni cha aliyeachishwa na mwajiri, wewe uliyeacha usikipigie hesabu. Na kwa mafao yalivyo tangu mabadiliko ya 2018, fao la kukosa ajira la NSSF halimhusu aliyejiuzulu. Kwa hiyo ukitupa funguo umetupa na hivyo vyote.

Kuna kuondoka kwa kusukumwa, pale bosi kayafanya maisha yasivumilike mpaka ukaandika barua. Hii sheria inaitambua, inaihesabu kama umeachishwa na yeye, na unaweza kwenda CMA. Lakini kanuni za 2007 zinauliza swali moja ambalo linawaangusha wengi: kabla hujaacha, ulitumia njia za kulalamika zilizokuwepo? Kama hukuwahi kumwandikia, hukuwahi kumuona HR, ulivumilia tu miaka miwili afu siku moja ukaacha, unaanza vibaya sana. Zile mistari miwili za "asante bosi kwa muda wa leo" na lile daftari zinakuja kukaa mezani siku hiyo. Ndo maana nilisema kuna njia usipoipitia inakuharibia zingine, aliyeruka kumwambia akaenda moja kwa moja kuacha anafika CMA na hadithi bila karatasi.

Na kuna kuondoka kwa mpango, ambako ndo nakupenda. Unatafuta kazi ukiwa kazini. Kwa utalii, peleka CV zako kuanzia Machi mpaka Mei wakati ofisi zimetulia na mameneja wanapanga watu wa Juni, ila notisi usiitoe mpaka uwe na mkataba uliosainiwa mkononi, ahadi ya simu sio mkataba. Ukiwa wa hoteli au shule au shamba la maua kule Usa River kalenda ni nyingine, angalia ya kwenu. Mkopo wa benki wenye dhamana ya mshahara uumalize au uongee nao kwanza, maana mshahara ukikata na deni linakuja kwako mwenyewe.

Mimi kwa mpangilio ningefanya hivi. Bosi wa kufoka, mwambie mara moja vizuri, afu mpe msimu mmoja. Bosi wa kununa, mwandikie, na uanze kutafuta kwingine siku hiyohiyo, kwa sababu wa kununa habadiliki kirahisi na muda wako ndo anaoula. Bosi wa hela, barua, tarehe, CMA, na usione haya.

Siku ya mwisho usitoke bila vitu vitatu: hela ya likizo ambayo hukwenda, kopi ya barua yako ya kuacha ikiwa imesainiwa kwamba imepokelewa, na cheti cha utumishi. Hicho cheti ni haki yako kisheria hata kama mmeachana mnanuniana, na mwombe kabla hujarudisha funguo za gari na laini ya simu ya ofisi, maana ukisharudisha, mtu wa kukuandikia huwa ghafla yuko safari.